Jina Nililolitia Kwenye Wimbo

Quilmenco, 22 Januari 1989

Kwa kaka yangu Belisario,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye jua la Januari, ambalo mwaka huu limetushukia kama lina kisasi nasi, ilhali wewe huko Uswidi najua unakanyaga theluji na kuvaa soksi mbili mbili. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na hao watoto ambao mpaka leo nawajua kwa picha tu. Je, kifua kimeacha kukubana? Ile dawa ya majani niliyokutumia uliinywa, au uliiweka kabatini uwaonyeshe wageni? Nakujua.

Mimi sijambo. Magoti yananisumbua ninapopanda ngazi za shule, lakini bado napika, na watoto bado wanalalamika kwamba maharage yangu yana chumvi kidogo. Mahindi mapya yametoka. Jumapili tuliyasaga, tukayafunga kwenye maganda yake tukayachemsha, nikala matano kwa niaba yako na moja kwa niaba ya Mama, Mungu amrehemu.

Picha tumeipata. Masharubu hayo, kaka, jamani! Jirani aliitazama akaniuliza kama huyo ni wewe au ni baba mkwe wako. Nikamwambia ni wewe, na kwamba miaka kumi na tano ya baridi si mchezo. Akacheka, kisha akalia kidogo, maana hapa siku hizi, tangu tulipopiga kura ile ya Hapana ya kuwakataa wanajeshi mwezi wa Oktoba, watu wanacheka na kulia kwa wakati mmoja. Jina lako lilipotokea kwenye orodha ya waliokimbia nchi wanaoruhusiwa kurudi, padri alipiga kengele. Wazee walidhani kuna moto.

Sasa nikupe habari za mapokezi. Kamati imeundwa, na mwenyekiti ni Nibaldo, yule mwana wa fundi viatu aliyekuwa akikubebea gitaa ili asilipe kiingilio. Amekuwa mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya amri. Padri ametupa uwanja wa parokia. Vipaza sauti vitatoka mjini, vinne, na Nibaldo anaapa kwamba vitasikika mpaka ng'ambo ya mto. Watoto wa shule wanafundishwa kiitikio cha Wimbo wa Mto kila siku baada ya chakula, na mimi nikiwa jikoni nawasikia huku naosha sufuria. Wanaimba vizuri mno. Ndiyo maana nakuandikia.

Katika barua yako umesema utauimba mwisho kabisa, uwanja mzima umesimama. Umesema utawaambia watu kwamba ni wimbo wa kale, kutoka kinywa cha bibi mpaka cha Mama, na kutoka kwa Mama mpaka kwako, na kwamba umeuimba katika nchi kumi na moja na kila mahali watu wasioelewa neno hata moja wamesimama. Umenitaka nipande jukwaani na gitaa la Mama. Barua hiyo nimekaa nayo wiki tatu, kaka. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nina jambo la kukuambia, na naomba ulisome hadi mwisho kabla hujakasirika, halafu ukasirike utakavyo.

Unakumbuka kiangazi kile cha sitini na nane ulipokuja na wenzako wa chuo kikuu? Mlikuwa watano, mmevaa mablanketi ya shingoni kama ya wakulima, mapya kabisa, hata mikunjo ya dukani haijatoka. Mama alinikonyeza. Kulikuwa na yule msichana Ismenia, mwenye mashine ya kunasa sauti, aliyemwita Mama "mwalimu" na kumbusu mikono yenye unga. Mlisema mmekuja kukusanya nyimbo za wananchi kabla hazijapotea, kwa sababu ukweli wa nchi uko vinywani mwa watu wa mashamba, wala si kwenye magazeti. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliwasikiliza mkizungumza mezani kwetu kwamba karibuni hakutakuwa na bwana wala mtwana, na kwamba gitaa litafanya kazi hiyo pamoja na jembe, mpaka nikasahau kuondoa sahani. Sisemi haya kwa kuwacheka. Niliwaamini, na mpaka leo sehemu kubwa ya maneno yale bado nayaamini.

Ila Mama hakuwapa mlichotaka. Aliwaimbia nyimbo za mapenzi, mkashukuru kwa adabu. Aliwaimbia za watakatifu, mkatazamana. Mlipomwomba zile za kuaga vichanga, alizoimba usiku kucha mbele ya mtoto aliyekufa, amekalishwa kwenye kiti na mabawa yake ya karatasi, alikataa katakata. Alisema nyimbo zile haziimbwi pasipo na kichanga kwenye kiti, kwa maana ukiziimba bure umemwita mwingine, na ile mashine yenu ingeziimba kila siku hata mahali ambapo hakuna msiba. Basi Ismenia akamuuliza, kwa sauti ya upole, kama hakuna hata wimbo mmoja kuhusu dhuluma. Mama akamjibu kwamba dhuluma anaifahamu anapobeba ndoo, aiimbe tena ya nini?

Wenzako walicheka lakini wewe hukucheka. Ulikuwa umewaambia kwamba mama yako ni kisima cha mapambano. Nilikuona ukienda kukaa nyuma ya tanuri la mkate, umeinamisha kichwa, kama siku ile uliposhindwa mtihani wa hesabu. Nikakuonea huruma, kaka. Nilikupenda kuliko mtu yeyote duniani.

Asubuhi yake Mama alipokwenda kukamua, mimi nikawaambia kwamba upo wimbo mmoja ambao Mama huona haya kuuimba mbele ya wageni. Nikauimba kwenye mashine. Unakijua kila kipande, lakini nitakiandika kiitikio hapa, maana chote ninachotaka kusema kimo ndani yake:

Eleodoro wa maji,
kaufunga mto wetu;
mwite jina: muuaji,
kafa mtoto wa watu.

Ismenia alitokwa na machozi. Mmoja wenu aliuliza inakuwaje wimbo wa kale una jina la mgawa maji wa shamba, mtu aliye hai, na ni wewe, Belisario, uliyemjibu. Ulisema wananchi hutia jina jipya kwenye wimbo wa zamani kila dhuluma inapobadili sura, na kwamba hiyo hasa ndiyo dalili ya wimbo wa kweli. Ulisema wimbo wa wananchi haudanganyi. Ulinikumbatia mbele yao wote, na siku ile nzima nilitembea kama nimevaa viatu vipya.

Mwaka uliofuata ukatoka redioni, kwa sauti yako. Mama alikuwa anachambua dengu. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akazima, akaniuliza swali moja tu: ni nani aliyenifundisha kumtia mtu kinywani mwangu na kumwita muuaji wakati hayupo kujibu? Nikajaribu kusema ni wimbo tu. Akasema mwimbaji wa kweli akimtaja mtu kwa ubaya humtaja mtu huyo akiwa amekaa mbele yake, na gitaa lingine liko ukutani ili naye ajibu. Ndivyo walivyoshindana waimbaji wa hapa tangu zamani, na wewe unajua. Aliniamuru niende kwa Eleodoro nikamwombe radhi, kisha nikuandikie wewe. Nikamwahidi. Sikwenda, wala sikuandika. Wimbo ulikuwa unaimbwa Santiago na watu elfu kwa elfu, na mimi nilikuwa na fahari, kaka, fahari tupu. Mama hakuniwekea tena gitaa mkononi mpaka anakufa.

Sasa nikuambie jambo ambalo wewe hukuliona, kwa kuwa mlikuwa safarini mkiimba kusini. Ni mwaka ule wa sabini na moja, serikali ilipolichukua shamba kutoka kwa bwana mkubwa Gaspar tukapewa sisi tulilime pamoja. Furaha ile siwezi kuieleza. Watu walikwenda kugusa miti ya zabibu kwa mikono, wakisema wetu, huu nao wetu. Kisha ukaitishwa mkutano ghalani wa kuchagua nani ataingia kwenye ushirika. Majina yalisomwa moja moja na watu wakainua mikono. Lilipofika jina la Eleodoro Pavez, mgawa maji, watu wakageuka kumtazama. Alikuwa amesimama karibu na mlango na mkewe Orfelina, kofia mkononi. Na hapo mtu mmoja nyuma, simjui mpaka leo, akaanza kuimba.

Ghala zima liliitikia. Watu mia na zaidi, kaka, waliomfahamu mtu yule tangu utotoni, waliokula naye mkate, walimwimbia usoni kwamba ni muuaji. Alijaribu kusema. Nilimwona akifungua mdomo mara mbili. Lakini mtu mmoja ataujibuje wimbo unaoimbwa na watu mia? Hakuna mkono uliopanda. Siku ya tatu walipakia kwenye mkokoteni kitanda na mashine ya kushona na kuku watatu, wakaondoka kuelekea kwenye tanuri za matofali za mkoa wa pili. Nyumba yao walipewa watu wengine. Mkewe alikufia huko huko tanurini. Nakumbuka wewe uliporudi uliuliza Eleodoro yuko wapi, ukaambiwa kahama, ukasema heri, na mkaendelea kunywa.

Nilikuwepo ghalani siku ile. Niliimba. Niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu niliogopa mtu angeniona nimenyamaza.

Halafu wanajeshi wakachukua nchi, wewe ukakimbia na nguo za mwilini, shamba likarudi kwa watoto wa Gaspar, na wimbo ukawa wa kufungwa nao jela. Miaka yote ile nilijiambia kwamba maadamu hauimbwi, jambo limekwisha. Nakiri hata hilo: palikuwa na siku nilishukuru kwamba umepigwa marufuku, nikamwomba Mungu msamaha kwa kushukuru jambo kama hilo huku wenzetu wakipotea.

Mzee Eleodoro alirudi mwaka juzi. Mguu mmoja umekufa na mkono unatetemeka, kwa hiyo binti yake Yolanda amemleta akae naye. Nyumba yenyewe ni ile ya ukuta wa bluu, ukuta mmoja na uwanja wa parokia. Vipaza sauti vya Nibaldo vitakuwa hatua ishirini kutoka kitandani kwake. Na watoto wa shule, akiwemo mjukuu wake wa miaka minane, wanajifunza kuliimba jina hilo bila kujua ni la nani. Mtoto anadhani ni Eleodoro mwingine, wa zamani.

Kaka, wimbo ule Mama hakuujua. Bibi hakuujua. Niliutunga mimi. Niliutunga mchana mmoja nikimenya mahindi chini ya banda, kwa sababu nilikuona umekaa nyuma ya tanuri na sikuvumilia. Niliazima sauti ya wimbo mmoja wa mavuno nikaipunguza kasi. Mtoto aliyekufa alikuwa wa kweli, wa akina Berta, majirani zetu, na alikufa kwa homa. Ukame ulikuwa wa kweli pia. Jina ndilo nililolitafuta.

Siku kumi zilizopita nilipiga moyo konde nikamwendea Nibaldo nikamweleza haya yote. Unajua alifanya nini? Alicheka mpaka akashika tumbo. Akasema, "Zunilda, wewe supu tu inakuungulia, ndio utunge wimbo ule?" Nikamwapia kwa kaburi la Mama. Akaacha kucheka, akanikasirikia. Alisema maprofesa wameuandika kitabuni kwamba ni wa mababu, kwamba watu wamepigwa kwa ajili ya wimbo ule, kwamba yeye mwenyewe aliuimba moyoni wiki mbili alipofungwa macho kizuizini, na kwamba sasa, wakati tumeanza kuinua vichwa, mimi natafuta kujipa sifa. Mama mmoja wa kamati akaongeza kwamba hata kama ni wangu, si wangu tena. Na kwa hilo la pili, Belisario, ana haki. Wimbo ule uliwashika watu mkono penye giza. Ni wa kwao. Ila jina si la kwao, na si langu wala lako. Ni la mzee Eleodoro.

Kwa hiyo nikaenda kwake. Yolanda alinitoa na ufagio mara ya kwanza, wala simlaumu. Mara ya pili mzee mwenyewe alipaza sauti kutoka ndani kwamba aniache niingie, anataka kuona sura ya mtu anayerudi alikofukuzwa. Alikuwa amekaa kando ya dirisha akiwatukana kuku. Hajawa mpole, usidhani. Aliniacha nimesimama. Nikasimulia yote nikiwa nimesimama, tangu mashine ya Ismenia mpaka ghalani, na hakunikatiza.

Nilipomaliza aliniuliza jambo moja. Aliniuliza kwa nini yeye. Mto uliofungwa uliamriwa na Gaspar, maji yalikwenda kwenye zabibu za Gaspar, yeye alikuwa mshika ufunguo tu. Basi kwa nini wimbo mzima, beti saba, haulitaji jina la Gaspar hata mara moja?

Hebu fikiria hilo, kaka. Umeuimba miaka ishirini, wewe na wote waliosoma, katika nchi kumi na moja, na hakuna aliyeuliza swali la mzee yule. Wimbo wa dhuluma usiomtaja dhalimu.

Miaka mingi nilikuwa na jibu langu tayari, kwamba jina lake lilikaa vizuri kwenye mizani na la Gaspar likakataa. Siku ile sikulitoa. Maana mzee alikuwa ananitazama, na yeye na mimi tulijua kitu ambacho sijapata kumwambia mtu. Kiangazi kile cha ukame, alfajiri, nilishuka mtoni kufua, nikamkuta amekunja suruali mpaka magotini, amelifungua lango la upande wetu. Alikuwa akilifungua kila siku, saa nzima, kabla farasi wa msimamizi hajatoka zizini. Ndiyo maana maharage ya Mama hayakufa. Angegunduliwa angefukuzwa siku hiyo hiyo na watoto wake. Aliponiona aliweka kidole mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa. Miezi miwili baadaye nikamwita muuaji.

Nikamwambia ukweli. Nikasema: nilimwogopa Gaspar. Nilijua wimbo ukisikika angetufukuza, mimi na Mama. Nilihitaji jina la mtu, na nikachagua la kwako kwa sababu wewe sikukuogopa.

Aligeukia dirisha. Kisha akasema, taratibu tu, kwamba maisha yake yote akiwa na ufunguo ule mfukoni hakutaka mtu yeyote amwogope.

Nililia palepale, na yeye hakunibembeleza.

Basi, Belisario, mimi hapa hawaniamini, na wewe ukisema jua ni la kijani watalipaka rangi. Nakuomba ukifika, kabla ya gitaa lolote, uingie kwenye nyumba ya ukuta wa bluu. Ukipanda jukwaani uwaambie watu nani aliufunga mto, kwa jina lake lote, hata kama watoto wake bado ndio wenye shamba, na nani aliufungua. Unitaje na mimi, usinifichie. Baada ya hapo mtauimba au hamtauimba, mtaamua wenyewe. Nikikosea kukuomba hivi, utaniambia. Lakini ujue kwamba siku hiyo hutaniona jukwaani kwa vyovyote vile. Nitakuwa kwa mzee Eleodoro, kando ya dirisha, na chochote kitakachotoka kwenye vipaza sauti vile tutakisikia pamoja.

Nisalimie wifi, umwambie namngoja kwa hamu na nitamfundisha kusaga mahindi. Wabusu watoto kwa ajili ya shangazi yao. Padri anakusalimu, Berta anakusalimu, hata Nibaldo, ambaye haongei nami kwa sasa. Vaa vizuri njiani, kifua chako ukitunze.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda leo kuliko mchana ule wa mahindi,

Zunilda